Upele wa Joan

Mwezi wa Julai mwaka wa elfu mbili na saba, baridi ilishuka Karagita, kando ya ziwa la Naivasha, kama mgeni asiyebisha hodi. Alfajiri ukungu ulitoka ziwani, ukapita juu ya mabanda ya plastiki ya mashamba ya maua, ukaingia katika ploti za mabati na kukaa humo hadi jua lilipopata nguvu. Katika ploti ya Wariara kulikuwa na vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, mfereji mmoja wa maji katikati na kamba za nguo zisizokauka. Kila mpangaji alijua jirani yake amepika nini na amegombana na nani. Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja lililojulikana na watu wawili tu.

Jambo hilo lilikuwa mimba ya Jepkorir. Jepkorir alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mpole kama maji ya mtungini. Alipozungumza, watu walilazimika kumsogelea ili wamsikie. Mumewe, Kipkemei, alifanya kazi kwenye visima vya mvuke vya Olkaria na alikuja nyumbani kila Jumamosi. Mara mbili Jepkorir alikuwa ameshika mimba, na mara zote mbili iliharibika kabla ya mwezi wa nne. Kilichomchoma zaidi ni kwamba alikuwa ametangaza mapema. Ilimbidi apokee pole kutoka kwa midomo ile ile iliyompongeza. Mimba hii ya tatu aliapa kuinyamazia mpaka ijitangaze yenyewe, na Kipkemei alikubali.

Chumba kilichokabiliana na chake kilikuwa cha Adero, mama wa msichana wa miaka mitano aliyeitwa Joan. Adero alikata waridi katika shamba moja kando ya ziwa. Huko, mtu akikosa siku mbili, siku ya tatu hukuta mwingine amevaa aproni yake. Jepkorir naye alikuwa kibarua wa msimu, na msimu ulikuwa umekwisha baada ya Siku ya Akina Mama, ile siku ambayo Wazungu huagiza maua kwa wingi. Kwa hivyo alikuwa akishinda nyumbani.

Jumatatu moja Joan aliamka na joto, uso wake umejaa vipele vidogo vyekundu. Kufikia jioni vilikuwa vimeshuka kifuani na mgongoni. Adero alimwita mwenye ploti. Wariara alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, ambaye neno lake katika ploti ile lilikuwa sheria.

"Hiyo ni surua," Wariara alisema kabla hajamaliza kuvuka kizingiti. "Nimelea watoto tisa na wajukuu kumi na wanne. Surua hainiambii jina lake, mimi ndiye huiambia."

"Lakini shosho, Joan alichanjwa," Adero alisema, akaitoa kadi ya kliniki chini ya godoro. "Muhuri ni huu hapa."

"Kadi haiugui, Mama Joan. Anayeugua ni mtoto."

Papo hapo amri zilitolewa. Dirisha lizibwe kwa blanketi, maana surua hupofusha mtoto kwa mwanga. Mtoto asioge siku saba. Asidungwe sindano hata moja, kwa sababu sindano huirudisha surua ndani ikaenda kulala kwenye mapafu. Na asiingie mtu kumlea ila yule aliyekwisha kuugua surua.

"Nani hapa aliugua?" Wariara aliuliza, akiwatazama wanawake waliojazana mlangoni.

Walitazamana. Huyu hakukumbuka, yule mamake hakuwahi kumwambia. Mwishowe Jepkorir aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu.

"Mimi niliugua. Nikiwa darasa la pili kule Elburgon. Mama alinifungia jikoni siku saba."

"Basi muuguzi ni wewe. Surua haimli mtu mara mbili."

Kwa siku tatu Jepkorir alikaa katika chumba chenye giza, akamnywesha Joan uji wa wimbi na kumlaza mapajani. Alidhani angeona mtoto aliyelemewa. Lakini Joan hakukohoa, wala macho yake hayakuwa mekundu. Kufikia Jumatano vipele vya usoni vilikuwa vimefifia, na mtoto alianza kuchoka kulala.

"Anti," aliuliza, "mbona tunakaa gizani kama viazi?"

Jepkorir alicheka, lakini moyoni alishangaa. Surua aliyosimuliwa na watu ilikuwa kali kuliko hii. Hata hivyo, yeye alikuwa nani hata ampinge Wariara? Aliacha shule darasa la sita. Alimwinulia Joan kikombe cha uji tena.

Alhamisi asubuhi kijana mmoja aliyeitwa Mwaura, tabibu wa zahanati, aliingia katika ploti akiwa amebeba kisanduku cha barafu. Mwalimu wa shule ya chekechea alikuwa amempasha habari. Alisema kwamba serikali inataka damu ya kila mtoto mwenye homa na upele ipimwe. Wariara alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe, kijana, ulizaliwa mwaka gani?"

"Sabini na tisa, shosho."

"Sabini na tisa nilikuwa nimeshazika surua tatu. Toka na sindano yako. Utairudisha ndani."

"Shosho, sindano yangu haiingizi kitu," Mwaura alisema kwa heshima. "Hii inatoa tu. Hata ukitaka iingize, haijui."

Wanawake waliangua kicheko. Wariara alijaribu kununa, lakini mdomo wake ulimsaliti. Alisogea pembeni. Mwaura alimpima Joan joto, akamtazama macho na kinywa, kisha akapapasa nyuma ya masikio yake. Hapo vidole vyake vilisimama. Kulikuwa na vivimbe vidogo, kama punje za mahindi chini ya ngozi.

"Ni surua, sivyo?" Adero, aliyekuwa amechelewa kazini kwa ajili hiyo, aliuliza.

"Sijui, mama."

"Daktari mzima hujui?"

"Ninashuku, lakini kushuku si kujua. Kuna magonjwa mengi yanayochora upele wa namna hii. Damu ndiyo itasema. Tena ni vizuri kwamba leo ni siku ya nne. Ningeitoa siku ya kwanza, huenda ingenidanganya, kwa sababu mwili huchukua siku kadhaa kutengeneza alama ya ugonjwa."

Alitoa damu kidogo, akampa Joan matone ya vitamini, akaondoka. Wiki moja ikapita. Joan alirudi kucheza kati ya kamba za nguo, na watu wakasahau.

Mwaura alirudi siku ya kumi na moja tangu atoe damu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, na wanawake wote walikuwa mferejini wakifua. Alikunjua karatasi iliyotoka maabara ya Nairobi.

"Mama Joan, mtoto wako hakuwa na surua."

Wariara aliiangusha sabuni. "Hiyo karatasi ina wazimu! Sote tuliona upele."

"Upele ulikuwepo, shosho. Surua ndiyo haikuwepo. Damu ikikosa alama ya surua, wanaipima tena kutafuta ya rubela. Hiyo ndiyo waliyoipata. Kwa mtoto kama Joan, rubela ni ugonjwa mwepesi, na umekwisha." Mwaura alikunja karatasi, lakini hakuondoka. "Nina swali moja. Kuna mama mjamzito katika ploti hii?"

Vicheko vilipanda hadi mabatini.

"Hapa tumefunga duka, daktari!" alisema mmoja.

"Aliyemlea mtoto ni nani?"

"Ni Jepkorir," Adero alijibu. "Na huyo usiwe na wasiwasi naye. Yeye hana kitu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno yalimpata Jepkorir kama kofi, akiwa ameinama juu ya ndoo. Maji yalijaa, yakamwagika juu ya miguu yake, na hakufunga mfereji.

"Mbona unauliza?" Wariara alisema.

"Kwa sababu rubela haina shida na mtoto aliyezaliwa. Shida yake ni na yule aliye tumboni. Mama akiipata katika miezi ya kwanza, mimba inaweza kuharibika, au mtoto azaliwe haoni, hasikii, au moyo wake una tundu. Kama hakuna mjamzito, basi tumshukuru Mungu."

Jepkorir alibeba ndoo yake ndani, akafunga mlango na kuketi kitandani. Kichwa chake kilizunguka kama jiwe la kusagia. Alijaribu kuyapanga mambo, lakini hayakukubali kupangika. Aliingia katika chumba cha Joan kwa sababu surua haikuweza kumdhuru. Sasa wanasema haikuwa surua. Basi ngao aliyoishika ilikuwa ya vita gani? Na kama ugonjwa wa Joan ulikuwa mwepesi hivyo, je, yeye angejuaje kama ameupata? Alipandisha mkono wa sweta. Karibu na kiwiko aliona vipele vitatu vyekundu. Alivitazama mpaka macho yakamwuma. Alitamani kumpigia Kipkemei simu, lakini angemwambia nini? Kwamba alimuuguza mtoto wa jirani na kumuua mtoto wao?

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza katika benchi la zahanati. Alipoingia ndani, alisema kwa sauti ya chini:

"Daktari, nimetumwa na rafiki yangu."

Mwaura alimtazama, akaiweka kalamu chini. "Rafiki yako ana miezi mingapi?"

"Mitatu na nusu."

"Ana vipele?"

Jepkorir alipandisha mkono wa sweta. Mwaura aliinama, akavitazama, kisha akatabasamu.

"Hawa ni kunguni wa shosho. Huwa wanauma kwa mstari, kama watoto wa shule wakienda gwaride. Lakini dada, nisikudanganye. Mtu mzima anaweza kupata rubela bila upele hata mmoja. Kukosa upele hakunipi jibu, kama vile upele wa Joan haukunipa jibu."

"Lakini mimi niliugua surua," Jepkorir alisema, machozi yakimlengalenga. "Hiyo haisaidii hata kidogo?"

"Surua humkinga mtu na surua, si na rubela." Mwaura alisogeza kiti karibu. "Ulifanya kazi shamba la maua. Getini kuna nini?"

"Askari."

"Mgeni akija leo, askari anamwandikia kikaratasi cha siku hiyo. Lakini mtu aliyewahi kuajiriwa, faili lake liko ofisini hata baada ya miaka ishirini. Damu pia iko hivyo. Kuna alama inayoitwa IgM. Hiyo ni kikaratasi cha getini, maana yake ugonjwa umeingia juzi. Kuna nyingine inaitwa IgG. Hiyo ni faili la zamani, maana yake mwili unaujua ugonjwa huo na utaufukuza. Tunataka kujua wewe una ipi."

"Na nikiwa na kile kikaratasi?"

Mwaura alivuta karatasi ya barua. "Tutazungumza, wewe na mumeo na daktari mkubwa. Kwanza tupime." Akaandika barua kwa maabara moja ya Nakuru. Alipokuwa akiitia muhuri, alisita, akaongeza mstari mwingine. "Nimewaomba wapime na ya surua pia. Nataka kujua hiyo ya Elburgon."

Maabara ilikuwa juu ya duka la vitambaa la mzee aliyeitwa Joginder. Mwenye maabara alikuwa binti yake, Simran, mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyevaa koti jeupe juu ya nguo za rangi ya zafarani. Alitoa damu bila maneno mengi, akamwambia Jepkorir arudi Ijumaa.

Siku nne hizo zilikuwa ndefu kuliko mwezi. Jepkorir aliweka chumvi kwenye chai. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alimkwepa Joan, na Joan, asiyejua kosa lake, alikaa nje ya mlango wake akiita, "Anti, unaniogopa?" Hakuweza kumjibu, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa ndiyo.

Ijumaa ilipofika, mzee Joginder alimwona akikaribia ngazi akiwa ameshika ukuta.

"Pole pole, mama," alisema. "Ngazi haiendi popote."

Juu, Simran alimwekea kiti na kuilaza karatasi mezani. Jepkorir alisoma polepole, neno baada ya neno, lakini herufi zilikuwa nyingi na maana hakuiona.

"Nionyeshe ya mtoto," alisema.

Simran aliweka kidole juu ya mstari. "Rubela, ile alama ya ugonjwa mpya: haipo. Ya zamani: ipo, tena ya kutosha. Inaonekana uliugua rubela zamani, mama. Mwili wako unaijua."

"Sijawahi kuugua rubela. Jina lenyewe nimelisikia juzi."

"Subiri, kuna mstari mwingine. Surua: ya mpya haipo. Ya zamani pia haipo."

"Haiwezekani," Jepkorir alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Surua ndiyo niliyougua! Mama mwenyewe aliniuguza. Alinifungia jikoni."

"Mama yako aliona nini?"

"Upele."

Simran alimwacha alisikie jibu lake mwenyewe. Nje, mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa kabeji na kupiga kelele akiomba njia. Jepkorir aliitazama karatasi. Upele wa jikoni kule Elburgon, ule ambao familia nzima iliuita surua kwa miaka kumi na sita, haukuwa surua. Aliingia katika chumba cha Joan akitegemea kinga asiyokuwa nayo, naye akaokolewa na kinga asiyoijua. Kama Joan angekuwa na surua ya kweli, yeye na mimba yake wangeipokea kwa mikono miwili. Hakujua kama acheke au alie.

"Kwa hivyo mtoto yuko salama?"

"Naamini hivyo. Lakini mimi hupenda hakika. Rudi baada ya wiki tatu. Nitapima tena nione kama ile alama mpya imezuka, au ile ya zamani imepanda. Zisipobadilika, basi ulale usingizi. Na ukishajifungua, uchanjwe surua. Kwa sasa hiyo chanjo haifai, kwa sababu ya mimba."

Wiki tatu zilipokwisha, Jepkorir alirudi Nakuru pamoja na Kipkemei, ambaye aliomba ruhusa kazini na kumshika mkono njia nzima. Simran aliweka karatasi mbili mezani, ya kwanza na ya pili. Alama mpya haikuzuka. Ya zamani ilikuwa pale pale ilipokuwa. Kipkemei aliomba asomewe tena, akasomewa, akavua kofia na kujipangusa uso nayo.

Walirudi Karagita jua likiwa bado juu. Walikuta ploti nzima imezunguka mlango wa Wariara. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa ameletwa kutoka Gilgil asubuhi hiyo. Mtoto alikuwa na joto kali, kikohozi cha kupasua kifua, makamasi, na macho mekundu kama pilipili. Upele ulikuwa umeanza nyuma ya masikio na kufunika uso.

"Msiogope," Wariara alikuwa akisema. "Nami sasa nimesoma. Ni ile rubela ya Joan, kitu chepesi. Hakuna haja ya kusumbua zahanati." Alipomwona Jepkorir uso wake ulichangamka. "Umekuja wakati mzuri! Wewe una mkono wa kuuguza. Na hata ikiwa ni surua, wewe umeshaugua. Ingia, mwanangu, umshike."

Alimnyooshea mtoto. Wanawake wote walimgeukia Jepkorir, ambaye tangu ahamie pale hakuwahi kukataa kutumwa.

Jepkorir alirudi nyuma hatua mbili.

"Sitamshika, shosho."

"Umesema?"

"Sijawahi kuugua surua. Wamenipima Nakuru. Ile ya Elburgon ilikuwa kitu kingine, na sote tuliipa jina kwa kuiangalia tu." Safari hii hakuna aliyelazimika kumsogelea ili amsikie. "Na nina mimba ya miezi minne na zaidi."

Adero alijiziba mdomo kwa mkono, akikumbuka alichosema mferejini.

"Kwa hivyo wewe sasa unajua magonjwa kuliko mimi?" Wariara aliuliza, lakini hasira yake ilikuwa imepungua.

"Sijui, shosho. Ndiyo maana naogopa. Na wewe pia hujui. Mpeleke mtoto kwa Mwaura, amwone, damu ipimwe."

Mtoto alikohoa hadi akaishiwa pumzi. Wariara alimtazama yule mjukuu kifuani mwake, kisha akamtazama Jepkorir, na kwa mara ya kwanza wapangaji waliiona sura yake bila uhakika wowote. Alijifunga leso, akamfunika mtoto, akaondoka kuelekea zahanati akiwa karibu kukimbia, na Adero akimfuata nyuma na mkoba.

Mwaura hakungoja karatasi ili aanze matibabu. Mtoto alipewa vitamini A na dawa ya mapafu siku hiyo hiyo, akalazwa Naivasha kwa juma moja. Damu ilipopimwa, ilionyesha surua, surua yenyewe. Alipona. Watoto wa ploti ambao hawakuwa wamechanjwa walichanjwa, na aliyewapanga foleni ni Wariara, akiwa na fimbo mkononi na kadi zao katika aproni.

Macho ya watu wazima wenye akili timamu yalitazama upele wa kufanana mara tatu, huko Elburgon na katika ploti ya Karagita, na mara zote tatu yalikosea jina. Ama kweli, si kila mwenye makucha huwa simba.